Pengo Kwenye Meli ya Wilibrodi

Kabla sijamsema mtu mwingine yeyote, nianze na mume wangu, maana yeye ndiye aliyeniletea meli nyumbani.

Wilibrodi ni fundi seremala wa misheni. Mchana kutwa anatengeneza mabenchi ya kanisa na milango ya shule, na akirudi nyumbani, badala ya kukaa na wanaume wenzake kwenye pombe ya ulezi, anakaa tena na mbao. Anatengeneza meli. Meli ndogo za kuweka juu ya meza, na kwetu meza ilikuwa moja tu, kwa hiyo ilipojaa meli tukawa tunakula chini. Kijiji chetu kiko huku juu Ufipa, upande wa Mwimbi. Maji makubwa tunayoyaona ni ya kijito ambacho mwezi wa Septemba mbuzi wanakivuka bila kulowa magoti. Watu walimwita Nahodha wa Nyasi. Mimi nilimcheka kuliko wote, na nilikuwa na haki, kwa sababu unga wake wa mbao ulikuwa unaingia kwenye unga wangu wa ugali.

Meli hizo hakuziuza. Hakumpa mtu. Alizitengeneza kwa sababu alipenda kuzitengeneza, na ukimwuliza faida yake nini, anakuangalia kama umemwuliza faida ya kuimba. Kuna mtu mmoja tu aliyemwelewa, naye ni Hamidi, Mwislamu wa Sumbawanga mjini, mwenye duka na lori. Wazee wake walitoka Ujiji, na yeye pia alikuwa na ugonjwa huohuo wa meli ndogo. Lori lake likipita Mwimbi kuchukua mahindi, lazima alale kwetu, na hapo wawili hao watazungumza habari za msasa na vanishi mpaka chakula kipoe. Ila walitofautiana. Meli za Hamidi ziling'aa, zilipakwa rangi, hazikuwa na doa. Wilibrodi alitengeneza kile alichokiona kwa macho yake. Kama meli ilikuwa na bati lililobonyea, na yake itabonyea.

Sasa nisikilizeni habari ya Adela.

Adela ilikuwa meli ya mvuke ya kampuni moja ya Wazungu. Ilipakia samaki wakavu na mahindi pale Kasanga na kuvipeleka Kigoma, na mara nyingine Mpulungu ng'ambo ya mpaka. Mdogo wangu Zenon alikuwa baharia humo. Ndiye aliyemwombea Wilibrodi ruhusa ya kuipima meli siku mbili ilipokuwa inapakia kuni. Mume wangu akateremka mpaka Kasanga na uzi mrefu begani, akapima kila kitu, akapiga mafundo. Alirudi na uzi umejaa mafundo kama rozari ya kichaa, na maana ya kila fundo aliijua yeye peke yake.

Alifanya kazi miezi mitano. Ubavu wa meli aliuchonga kwa mninga, vipande akaviunganisha kwa vijiti vya mwanzi. Gundi hakutaka kuiona. "Gundi ni ya watu wenye haraka," alisema. Ukingo wa meli, ile safu ya vyuma inayozunguka sitaha ili watu wasianguke majini, aliutengeneza kijiti kwa kijiti. Kila kijiti alikitobolea tundu lake kwenye sitaha kwa spoku ya baiskeli iliyotiwa moto, akakisimamisha humo. Nyumba ilinuka moshi wa mbao wiki tatu.

Nilipokwenda kuitazama nikaona upande wa kulia, karibu na bomba la moshi, ukingo umekatika. Pengo la kupitisha vidole vyangu vinne. Palikuwa na uzi tu, umefungwa huku na huku.

"Baba Zita," nikamwambia, "miezi mitano unatoa jasho, halafu unaacha pengo? Umeishiwa vijiti?"

"Ndivyo ilivyo," akasema.

"Basi weka tu, nani atajua?"

"Siwezi kuweka kitu ambacho sikukiona."

Krismasi Zenon alikuja likizo. Akaishika ile meli, akaigeuza, na alipofika penye pengo akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umetuumbua! Hapa walikata kupitisha mashine ya kusaga, wakasema watarudisha. Mwaka wa pili huu. Wamefunga kamba, na kamba yenyewe imelegea. Hapa ndipo ninapomwagia majivu ya tanuri kila asubuhi." Akaupiga ule uzi kwa kidole, ukatetemeka. Sote tulicheka. Mama yangu Margareth, ambaye macho yake yameingia ukungu, aliuliza tunacheka nini, na hakuna aliyemwambia.

Tarehe kumi na tisa Machi ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo na mlinzi wa maseremala. Siku hiyo mafundi wa misheni hupeleka kazi zao mbele ya altare, mmoja kiti, mwingine dirisha, na Padri huzibariki. Mwaka ule, mwaka wa kutawazwa Malkia wa Uingereza, mume wangu alipeleka Adela. Padri wetu ni mtu asiye na kipimo katika mambo ya maji ya baraka. Aliinyunyizia meli kama anamwagilia kitalu cha kabichi. Mninga ulikuwa haujapakwa hata mafuta, na maji ya baraka yana chumvi, kwa hiyo yalipokauka yaliacha madoa meupe sitaha nzima. Nilikasirika. Nilitaka kuyasugua kwa msasa. Wilibrodi akanizuia, akasema baraka haisuguliwi. Nikamwacha na madoa yake.

Wiki ya pili baada ya Pasaka, wavuvi wa Kasanga walimkuta Zenon ameelea karibu na mawe.

Tulimpandisha mlima kwa machela, siku mbili, amefungwa kwenye mikeka. Barua ilikuja pamoja naye. Nahodha wa Adela aliiandika kwa Padri, na Padri akatusomea chini ya kibaraza cha nyumba yake, mama yangu amesimama na fimbo. Barua ilisema kwamba baharia Zenon alipanda juu ya ukingo wa meli, ukingo ambao ulikuwa mzima pande zote, akajirusha ziwani kwa hiari yake mwenyewe.

Padri akaikunja. Akasema mtu aliyejiua kwa hiari yake Kanisa haliwezi kumwimbia Misa ya wafu, wala hawezi kulala ndani ya uzio wa makaburi. Alisema ameumia sana. Sijui aliumia wapi, maana alisimama wima na sauti yake haikutetemeka.

"Mwanangu hakujirusha," mama akasema.

"Mama Margareth, barua ya nahodha..."

"Mwanangu hakujirusha. Alinitumia neno kwamba atakuja mavuno ya ulezi anijengee ghala. Mtu anayetaka kujenga ghala hajirushi."

Watu wakamshika mikono wakamwambia anyamaze. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nasema hivi ili mjue hasira yangu haimwachi mtu, hata mimi mwenyewe. Nilimwambia mama yangu mzazi, "Nyamaza, mama, usitutie aibu." Tukamzika Zenon nje ya uzio, hatua sita kutoka kwenye miti ya uzio, mahali ambapo ng'ombe wa misheni hupita kwenda kunywa maji.

Tuliporudi nyumbani Wilibrodi hakula. Aliiweka Adela katikati ya meza, upande wa kulia unatuelekea, tukaitazama. Hapo ndipo alipoangukia. Kila asubuhi majivu, kamba iliyolegea, wimbi moja.

Nilitaka kwenda kwa Padri saa ileile. Wilibrodi akaenda kwanza, akarudi ameinamisha kichwa. Padri alimwambia kwamba barua ya nahodha ni barua ya nahodha, na meli ya kuchonga ni meli ya kuchonga, na Serikali ikisema vingine yeye atafurahi. Akili za wasomi hizo. Basi mume wangu akaandika kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya kule Sumbawanga, kwa mkono wake, karatasi mbili. Majibu yalikuja baada ya wiki nne. Bwana DC aliandika kwamba wakala wa kampuni atakuwapo Sumbawanga siku ya maonyesho ya kutawazwa Malkia, na kwamba meli hiyo iletwe, iwekwe mezani pamoja na kazi nyingine za mikono, nao wataitazama pamoja. Padri naye alikuwa anakwenda na kwaya ya watoto wa shule. Nilisoma barua ile mara tatu. Wote watatu watasimama mbele ya pengo lile, mchana kweupe.

Hapa ndipo tulipofanya kosa letu. Aibu ilikuwa imetufunga midomo. Mtu aliyejiua katika ukoo si habari ya kuitembeza, kwa hiyo watu wa mbali tuliwaambia tu kwamba Zenon amekufa maji. Na Hamidi tulimwambia hivyohivyo. Lori lake lilipopita Mwimbi siku tano kabla ya maonyesho, kwa mara ya kwanza tangu Adela imalizike, Wilibrodi alikuwa bado na mabenchi ya kumaliza, akamkabidhi Adela ndani ya sanduku lililojaa makapi ya ulezi. "Ifikishe boma salama," alimwambia, basi. Wanaume wawili wanaoweza kuzungumza habari za msasa usiku kucha, na neno moja la maana hawakuambiana!

Tulitembea mpaka Sumbawanga. Ilikuwa Juni, upepo wa Ufipa unakata masikio, na mjini kila mahali bendera. Kwenye uwanja wa boma walijenga banda la turubai, na ndani yake meza ndefu: mahindi, vikapu, vyungu, majembe, vitambaa vya kufuma. Adela iliwekwa katikati, imezungukwa na watu. Nilijisikia kiburi, sifichi. Nikamwambia Wilibrodi asogee, twende tuwasubiri wakubwa upande wa kulia, penye pengo.

Tukazunguka meza. Pengo halikuwapo.

Nilidhani tumekosea upande. Nikarudi, nikatazama kushoto, nikaja tena kulia. Ukingo ulikwenda mzima kutoka omo mpaka tezi, mbele hadi nyuma, vijiti vimesimama sawasawa kama watoto wa shule, rangi ileile, unene uleule. Nilimtazama mume wangu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua.

"Wamefanya nini?" nikamwuliza. "Baba Zita, wamefanya nini hawa?"

Wakubwa wakaingia. Bwana DC mbele, kofia mkononi. Wakala wa kampuni, Mzungu mnene mwenye shingo nyekundu. Padri wetu na kanzu yake nyeupe. Na Eustace, karani wa boma, na daftari. Bwana DC alimsalimu Wilibrodi kwa Kiswahili kizuri, akamsifu. Akasema, "Haya, fundi, tuonyeshe hilo pengo uliloniandikia."

Wilibrodi akaweka kidole pale pengo lilipokuwa, juu ya vijiti vizima.

Wakala akainama, akapitisha kidole chake juu ya vijiti, polepole, trrr, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Hapana ona pengo," akasema. "Iko mzima. Kila kitu iko." Akacheka, akasema maneno ya Kiingereza kwa Bwana DC. Eustace, ambaye hakuombwa, akatutafsiria: "Bwana anasema hata fundi mwenyewe ametengeneza ukingo mzima, sawa na ripoti ya nahodha."

Jamani, damu ilinipanda mpaka machoni. "Mmeiba!" nikapiga kelele. "Mmeingia humu mkaziba! Mmemwua mdogo wangu kwa uvivu wenu, na sasa mmeziba!"

"Mama, taratibu," Eustace akasema.

"Usiniambie taratibu! Wewe taratibu yako weka ndani ya daftari!"

Padri akanishika bega. Nikautoa mkono wake. Watu walikwisha jaa, wengine wamepanda mabenchi, na katikati yao nikamwona Hamidi anapenya, kofia yake safi, uso umechanganyikiwa.

"Shemeji Stefania," akasema, "shemeji, usiwalaumu hawa. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyetengeneza. Wallahi, shemeji, nilikuwa nataka iwe siri yangu na Mungu wangu. Ile barabara unaijua. Nilipofungua sanduku nikakuta kipande cha ukingo hakipo na uzi unaning'inia. Nikasema Hamidi, umemvunjia rafiki yako kazi ya miezi mitano. Nilikitafuta kwenye makapi sikukiona. Sikulala. Nimechonga siku tatu, nikakipaka chai ya rangi mpaka kikafanana. Nisingeweza kuwaacha muaibike mbele ya watu." Akamgeukia Wilibrodi na macho ya mtu anayengoja ahsante. "Hata tundu sikutoboa kwenye sitaha yako, fundi. Nimevisimamisha juu ya kipande chembamba, nikabandika."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Hamidi kwa muda ule, naye alikuwa amesimama pale kwa upendo mtupu. Ningejua la kufanya na mwizi. Na mtu mwema utamfanya nini?

Eustace alikwisha yatafsiri yote. Wakala akapiga kiganja mezani. Alifurahi huyo! Akaongea kwa haraka, na Eustace akasema: "Bwana anasema ndiyo kwanza mambo yamekuwa wazi. Huyu mwenye lori anakiri kipande kilivunjika kwake. Kitu hakiwezi kuvunjika kama hakikuwapo. Kwa hiyo ukingo ulikuwapo."

Hamidi alitutazama mmoja mmoja. Nafikiri hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba palikuwa na jambo asilolijua. "Kwani nini?" akauliza kwa sauti ndogo. "Kwani kuna nini?"

"Zenon alipitia hapo," nikamwambia. "Hapo ulipoziba. Walituandikia amejirusha, amezikwa nje ya makaburi, njia ya ng'ombe, na hilo pengo ndilo lilikuwa shahidi wetu, na wewe umelipaka chai!"

Hamidi akavua kofia. Akaishika kifuani.

Bwana DC akaangalia saa yake. Alikuwa na haya, nilimwona, lakini haya ya mtu anayetaka jambo liishe. Akasema ameona alichoweza kuona, na kwamba ni msiba wa kusikitisha. Padri akatikisa kichwa kwa huzuni ileile iliyonyooka. Na mimi nikaona kwamba wanaondoka. Wataenda kunywa chai na kusikiliza kwaya, na Zenon atabaki palepale hatua sita kutoka kwenye uzio mpaka siku ya mwisho.

Hapo Wilibrodi akasema. Mtu yule akikasirika sauti yake inapungua. "Mimi kila kijiti nakitobolea tundu. Ng'oeni hicho kipande mtazame chini yake. Kama niliweka vijiti, matundu yapo."

Akatoa kisu chake kidogo mfukoni, akainama aanze kupitisha ncha chini ya gundi, pole, kama anavyofanya kila kitu. Eustace akadaka mkono wake. "Marufuku kugusa vitu vya maonyesho! Waamuzi hawajapita."

"Ni meli yangu," Wilibrodi akasema.

"Ikiwa mezani hapa ni mali ya maonyesho. Ngoja mpaka kesho."

Kesho wakala atakuwa amekwenda zake. Mume wangu akamtazama Bwana DC, akingoja ruhusa. Fundi wa misheni, mtu wa nidhamu, anangoja ruhusa ya kugusa mbao alizozichonga mwenyewe! Mimi sikungoja. Nilimsukuma Eustace kwa nyonga, nikaupenyeza mkono wangu, nikaukamata ule ukingo mzuri wa Hamidi na kuuvuta kwa nguvu zangu zote.

Ulilia kama mfupa wa kuku. Nilibaki nao mkononi, vijiti kumi na vinne na kipande chao chembamba, na kidole changu kimechanika. Watu wakasema "Aaa!" Eustace akapiga kelele kumwita askari.

Nikasema, "Tazameni sasa! Nani ana macho? Tazameni!"

Bwana DC akainama, na wakala akainama. Chini ya gundi iliyobanduka sitaha ilikuwa laini, imepigwa randa, haina tundu hata moja. Kushoto na kulia mwa pengo matundu yalipangana, kila moja na kijiti chake, na pale katikati hakuna. Wakala akaguna, akasema kitu kifupi. Eustace akatafsiri: "Bwana anasema fundi angeweza kuyaziba matundu baada ya baharia kufa. Au kubadilisha ubao."

Nilitaka kumpiga na ule ukingo. Lakini Padri alikuwa bado ameinama.

Alivaa miwani yake. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa bomba la moshi. Kwenye sitaha ile, palipokuwa pamefichwa na kipande cha Hamidi, yalikuwapo madoa meupe, makubwa na madogo, yanatoka katikati ya meli, yanapita penye pengo na kumalizikia ukingoni kabisa, mahali ambapo vijiti vingesimama kama vingekuwapo. Padri akalowesha kidole kwa ulimi, akakigusisha kwenye doa moja, akalamba.

"Chumvi," akasema.

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi na mume wangu.

"Haya ni maji yangu," Padri akasema, na safari hii sauti yake ilitetemeka. "Niliibariki meli hii siku ya Mtakatifu Yosefu. Mwezi mzima kabla kijana hajafa. Maji yameanguka hapa. Ubao huu ulikuwa hivihivi, wazi hivihivi." Akamgeukia Bwana DC akayarudia kwa Kiingereza, kisha akamwambia wakala neno moja ambalo Eustace hakulitafsiri.

Wakala akachukua kofia yake. Bwana DC akamwambia asiondoke bado, akamwambia Eustace afungue daftari ukurasa mpya. Askari alikuwa amefika na kunishika mkono, na Bwana DC akamwashiria aniachie. Mimi sikujisikia nimeshinda. Nilimtazama Padri anafuta miwani, nikamwambia mbele ya watu wote, "Maji yako uliyaamini, Baba. Mama yangu hukumwamini."

Akaivaa tena miwani, akainamisha kichwa.

Sitasema yaliyompata nahodha, kwa sababu sikuyasikia mpaka leo, na najua jinsi barua zinavyosafiri kutoka ofisi hadi ofisi. Lakini Jumapili ya pili baada ya maonyesho Misa ya Zenon iliimbwa, ndefu, na Padri hakuruka hata mstari. Mama alikataa kaburi lichimbuliwe. Alisema mwanawe amesumbuliwa vya kutosha, wasogeze uzio. Basi wakausogeza. Hamidi alikuja na lori kutoka mjini, ameleta sukari na kitenge na machozi, nikamwambia sukari na kitenge aviweke kando, achukue sururu. Alichimba mashimo kumi na mawili ya miti ya uzio kwenye ardhi ile ngumu, mikono yake ya duka ikatoka malengelenge, na sikumpa maji mpaka alipomaliza. Mume wangu alimsaidia kusimamisha miti. Hawakuongea habari za meli.

Jioni ile nilimketisha mama kwenye kigoda, nikamwekea Adela mapajani. Nikauchukua mkono wake, nikaupitisha juu ya ukingo, kijiti kwa kijiti, trrr, kama alivyofanya yule wakala. Ulipofika penye pengo vidole vyake vikaanguka ndani, vikatulia juu ya sitaha. Akapapasa pale muda mrefu, huku na huku, akitafuta kitu cha kumzuia mtu.

"Ni hapa?" akauliza.

"Ni hapo, mama."

Akautoa mkono. Nilingoja alie, nikawa tayari na kanga yangu. Hakulia. Alinigeuzia yale macho yake ya ukungu, na uso wake ulikuwa na hasira kuliko yangu yote niliyowahi kuwa nayo.

"Nilisema," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Nilisema, na wewe ukaniambia ninyamaze."